Ngoma Yangu, Kengele ya Philibert

Saint-Aubrin, Burgundi. Jumapili, 1 Septemba 1816

Mvua.

Nimeanza kuandika leo kwa sababu moja tu: Philibert haongei na mimi, na mimi nisipoongea na mtu tumbo linanivimba. Nimejaribu kuongea na kuku. Anasikiliza vizuri, ila hacheki.

Basi wewe unayesoma, kama upo, nijue. Mimi ni Bénigne Cottin, mpiga ngoma wa kijiji hiki. Hakuna tangazo lililofika hapa bila kupita kwenye ngozi ya ngoma yangu. Nilimpigia Mfalme aliyekatwa kichwa, nikaipigia Jamhuri iliyomkata, nikampigia Kaizari, nikampigia Mfalme mwingine, Kaizari akatoroka kisiwani akarudi nikampigia, akafukuzwa, akarudi Mfalme, nikampigia naye. Ngoma hii imepakwa rangi tatu za Jamhuri, juu yake tai, juu ya tai maua ya Mfalme, tai tena, maua tena. Rangi sasa ni nene kuliko mbao. Ukiigonga ubavuni inasita kwanza, kama mtu anayejiuliza leo ni nani anatawala.

Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na koplo mmoja jeshini. Aliziandika kwa mkaa juu ya ngozi ya ngoma, halafu akaniambia nipige, herufi zikawa zinaruka. Ndiyo maana mwandiko wangu unaruka mpaka leo. Karatasi ninazo tele, ni matangazo ya Kaizari ambayo meya aliniagiza nichome. Mbele tai, nyuma mimi.

Philibert Mugnier ni mpiga kengele wa kanisa na ni jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja. Yeye mtu wa Mfalme na padre tangu tumboni mwa mama yake. Mimi mtu wa ngoma. Walipoishusha kengele ya kanisa mwaka wa tisini na tatu kwenda kuyeyushwa iwe mizinga, mimi ndiye niliyepiga ngoma mbele ya mkokoteni. Nikamwambia, "Philibert, mkeo kaenda vitani!" Akanitukana, jioni tukanywa pamoja. Tumekunywa pamoja wakati watu wanakatwa vichwa. Kila mwaka mwezi wa Novemba, Siku ya Mtakatifu Martin, tulionja divai mpya mezani kwangu, yeye wa kwanza, mimi wa pili, na anayekunja uso anaosha vikombe.

Pasaka hii ndiyo iliyoharibu. Marki, yule bwana mwenye ngome na mashamba makubwa hapa kwetu, karudi kutoka uhamishoni, kaleta kengele mpya. Ikabatizwa kama mtoto, mke wa Marki ndiye mama yake wa ubatizo, kijiji kizima kiko kanisani kimya. Philibert kavuta kamba mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini. Ikalia. Nami nikasema, wala si kwa sauti kubwa sana, "Jamani, sufuria ya nani imeanguka?"

Hata padre alicheka. Philibert hakucheka. Tangu siku hiyo ninachosikia kwake ni kikohozi tu, kupitia ukutani.

Sitaomba msamaha. Ulikuwa utani mzuri. Ila Siku ya Martin nataka Philibert awe mezani hapa.

3 Septemba

Mvua. Ukuta umekohoa asubuhi, umekohoa jioni.

4 Septemba

Mvua.

8 Septemba, Jumapili

Leo nilikuwa kilabuni kwa Mama Claudine Petitjean. Ni mjane, ana vipande viwili vya mizabibu huko mlimani na ulimi mkali kuliko siki yake. Wanaume wote walikuwepo maana shambani hapaendeki. Mwaka huu hatujaona jua. Zabibu bado kijani, ngumu, ukiirusha inaua ndege.

Mazungumzo siku hizi ni yaleyale: kila mtu alimficha padre enzi za Mapinduzi, mapadre walipokuwa wanawindwa. Mwokaji alimficha kwenye ghala la unga. Mhunzi alimficha nyuma ya tanuri. Leo mchinjaji naye kasema alimficha kwenye chumba cha nyama.

"Alining'inia kwenye ndoano au alilala?" nikauliza.

"We Bénigne, usilete mzaha. Nilihatarisha roho yangu."

"Hapana, nauliza tu. Kwa hesabu yangu yule padre alikuwa na usiku mmoja kwa kila nyumba, na kwa mhunzi alirudi mara mbili. Hata Warusi hawakulala kwenye nyumba nyingi hivyo walipokuja kumng'oa Kaizari."

Mama Claudine akacheka mpaka akakaa. Mchinjaji akasema, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa nacheza chini ya Mti wa Uhuru, na wewe ulikuwa umenishika kiuno."

Kila mtu akainamia kikombe chake. Wote walicheza. Mti wenyewe, tulioupanda kusherehekea Jamhuri, tumeukata mwaka jana, kuni zake zimeshakuwa majivu, na hakuna aliyewahi kuujua.

Aliyemficha padre kweli ni Philibert, kwenye mnara mtupu wa kengele, majira yote ya baridi. Nilikuwa nasikia vikohozi viwili kule juu, nikawa napiga ngoma kwa nguvu nikipita. Yeye hajawahi kulisema hilo kilabuni. Kilabuni haji siku hizi, kwa sababu mimi nipo.

12 Septemba

Mvua na upepo. Kuku hatagi.

16 Septemba

Miaka ya kawaida wakati huu tunakaribia kuvuna. Hapa kwetu hakuna anayekata hata kishada kimoja kabla ya tangazo la mavuno, hata kama shamba ni lake. Zamani tangazo lilikuwa la kengele. Kengele ilipokwenda vitani, likawa la ngoma, yaani langu. Sijisifu, lakini mwaka wa nyota yenye mkia, miaka mitano iliyopita, niliupiga ule mpigo mpaka zabibu zikaanza kudondoka zenyewe. Ulikuwa mwaka wa divai bora kuliko zote. Jeanne, mke wangu, alikufa mwaka huohuo, wiki moja kabla ya Siku ya Martin. Hakuionja.

Leo kaja Bwana Lacaille, msimamizi wa mashamba ya Marki, kaniita ngomeni. Nilivaa koti zuri. Wakanipitishia jikoni.

"Mzee Cottin," akasema, "Bwana Marki anataka mambo yarudi kwenye utaratibu. Tangu enzi za mababu, bwana wa ngome alivuna siku moja kabla ya watu wengine. Siku ya Bwana. Umesahau?"

"Nisahau vipi, mheshimiwa? Nilikuwepo. Mwaka wa mvua ya mawe nilikuwa kijana, nilibeba vikapu vitatu kwa mpigo, kimoja mgongoni, viwili mikononi, Marki mkubwa akanipigia makofi."

"Vizuri. Basi mwaka huu Siku ya Bwana inarudi. Na itatangazwa kwa kengele. Ngoma ni kelele za Mapinduzi."

"Na mimi je?"

"Kunywa supu yako."

Nimeinywa. Ilikuwa na viazi viwili.

17 Septemba

Mvua.

22 Septemba, Jumapili

Enzi za Jamhuri, kwa kalenda yake, leo ilikuwa Mwaka Mpya. Nimejitakia heri peke yangu. Nimemtakia na kuku.

Alasiri Wakili Joly kaniita kwake. Huyu ndiye mkubwa wa watu wa Katiba hapa kijijini. Ana miwani, ana gazeti la Dijon, ana mashamba mazuri aliyoyanunua Kanisa liliponyang'anywa mali, na anapenda sana uhuru, hasa wa mashamba hayo. Nilivaa koti zuri tena. Wakanipitishia jikoni tena.

"Raia Cottin," akaninong'oneza, maana neno hilo la Mapinduzi siku hizi linanong'onezwa, "Katiba ametoa Mfalme mwenyewe. Inasema Wafaransa wote ni sawa mbele ya sheria. Siku ya Bwana imekufa, na aliyekufa hafufuliwi kwa kengele. Siku ikifika, wewe piga ngoma, uwapigie watu wote kwa pamoja. Historia itakukumbuka."

"Na wewe, mheshimiwa, utasimama karibu yangu?"

"Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Nyuma umbali gani?"

Akasema mambo marefu kuhusu busara na wakati wake. Kwa maelezo yale, atakuwa nyuma yangu mpaka Dijon.

Basi nimelishwa jikoni kwa watu wa Mfalme, nimelishwa jikoni kwa watu wa Katiba. Supu ya Katiba ina chumvi zaidi, ila viazi ni vilevile viwili.

Nilirudi nikitamani kumhadithia mtu hii habari ya viazi. Nikajikuta mlangoni kwa Philibert, mkono juu. Sikugonga. Angeipenda sana.

25 Septemba

Mvua. Kikohozi cha ukutani kimekuwa kizito. Nimepika maji ya asali na thaimu nikaweka kizingitini kwake.

26 Septemba

Kikombe kimerudishwa kizingitini kwangu. Kimejaa.

29 Septemba, Jumapili

Meya wetu, Bwana Arbelot, kanikamata baada ya misa. Si mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu, na uso wake umekuwa kama sufu yenyewe, kila anayepita anavuta kidogo.

"Mzee Bénigne, nisaidie," akasema. "Lacaille ananitishia kwa mkuu wa mkoa. Joly ananitishia kwa gazeti. Mimi nataka watu walale usingizi tu. Miaka ishirini na tano hatujalala."

"Mimi nalala, Bwana Meya."

"Nimekata shauri. Jumatatu ya tarehe ishirini na moja Oktoba, kengele itapigwa, mapigo kumi na mawili ya polepole, Marki atavuna. Jumanne utapiga ngoma, watavuna wengine wote. Kengele kidogo, ngoma kidogo. Kila mtu apate."

"Na mvua ikija Jumanne?"

Akaniangalia kama mtu ambaye hilo amelifikiria na hataki kusaidiwa. "Basi omba isije," akasema.

5 Oktoba

Mvua. Uozo umeingia kwenye zabibu za bondeni, unyoya wa kijivu kama panya. Kila mmoja anaangalia wake kimyakimya.

6, 7, 8 Oktoba

Mvua, mvua, ukungu.

13 Oktoba, Jumapili

Kilabuni nimetangaza. Nilikuwa nimekunywa, lakini si sana. Nilisema nisikilizeni, Jumatatu ile asubuhi Bénigne Cottin atapiga ngoma kwa watu wote, na Lacaille akitaka kunizuia aje na jeshi. Nikasema mimi nimepiga ngoma mbele ya Waprusi huku risasi zinapita hapa, na hapa, na moja ilipita hapa. Nikasema kijiti kilikatwa na risasi nikamalizia kwa kidole.

Walishangilia. Mchinjaji akanibusu.

Mama Claudine tu ndiye hakushangilia. Wakati natoka alinishika mkono. "Baba Bénigne, mimi nina vipande vile viwili tu. Nikivikosa sina kitu cha kula mwaka mzima. Kama ni hadithi, niambie ni hadithi, nisikae nikitegemea."

"Mimi nimekudanganya lini?"

"Kila Jumapili. Lakini ilikuwa haidhuru."

Nimefika nyumbani. Nimeutazama ukuta. Natumaini alisikia nilivyosema, sauti yangu inafika mbali.

18 Oktoba

Baridi kali. Mvua imekatika, kwa mara ya kwanza. Hakuna anayefurahi, maana mawingu ya upande wa kaskazini yana rangi ya risasi na wazee wote tunaijua rangi ile. Ni theluji. Itakuja Jumanne, au usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu tu ndiyo kavu.

Yaani siku moja, na siku hiyo ni ya Marki.

20 Oktoba, Jumapili

Padre kasoma tangazo: kesho Marki, keshokutwa wengine. Watu wakatazama chini. Wakanitazama mimi. Nikajaribu kuweka uso wa mtu aliyepigana na Waprusi.

Philibert alipita karibu yangu mlangoni mwa kanisa. Amekonda. Nikasema, kama naongea na hewa, "Kesho mtu akipiga ngoma, kuna mtu atakasirika?" Hewa ilikohoa ikaenda.

21 Oktoba, Jumatatu. Ndefu. Kaeni.

Niliamka gizani nikavaa koti zuri. Nikatoka na ngoma mpaka uwanjani, pale ulipokuwa Mti wa Uhuru na sasa kuna msalaba mkubwa wa wamisionari. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa jalidi, inalia chini ya viatu.

Nilidhani nitakuwa peke yangu. Watu wote walikuwepo. Walikuwa wamesimama kandokando ya njia ya mlimani, kila mtu na kisu chake na kikapu chake. Mama Claudine alikuwa mbele na shali kichwani. Ng'ambo ya njia walisimama vibarua wa Marki, hao nao ni watu wetu, ndugu wa haohao, wanasubiri kengele. Lacaille alikuwa huko juu ngomeni, bado hajashuka. Wakili Joly sikumwona, ila dirisha lake lilikuwa wazi kidogo, upana wa miwani.

Nikaweka ngoma mbele. Nikainua vijiti.

Havikushuka.

Sijui niandikeje. Nimepiga ngoma kwa wafalme wawili na Kaizari mmoja na mikono haijawahi kuniuliza swali. Lakini kila mara kulikuwa na mtu nyuma yangu aliyesema, piga. Leo hakukuwa na mtu. Nilikuwa mzee mmoja mwenye koti, na kila jicho juu yangu, na mikono ikagoma hewani kama nguo zilizogandia kwenye kamba. Mchinjaji akasema polepole, "Haya, Bénigne." Kisha tena, "Bénigne?" Mama Claudine aligeuza uso asinione. Nilitamani risasi ya Waprusi, ile iliyopita hapa.

Ndipo kengele ikalia.

Nilihesabu moja, nikangoja ya pili, ya polepole. Haikuja polepole. Ilikuja juu ya ile ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili, kengele nzima ilikuwa inabembea, inamwagika, inaruka paa hadi paa. Vijana wakatazamana, hawajawahi kuisikia. Sisi wazee tuliijua. Ile ni ya wote! Ndivyo ilivyopigwa zamani kuwaambia watu wote pandeni mlimani. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa kwa ile kengele ya kwanza, kabla haijawa mizinga.

Na ghafla nikakumbuka mwaka wa mvua ya mawe. Mimi nilikuwa nakumbuka vikapu vyangu vitatu tu, miaka yote hii. Lakini Philibert alikuwa kule mnarani na baba yake, na jioni ile alinihadithia. Marki mkubwa, babu wa huyu, alipanda ngazi na miguu yake iliyovimba, na siku hiyo ilikuwa Siku ya Bwana. Akasema mwaka ni mbaya, nampa kila mtu siku yangu, piga ya wote. Ilikuwa desturi. Mwaka mzuri bwana anatangulia, mwaka mbaya bwana anaachia. Huyu mjukuu kakulia uhamishoni, kahadithiwa nusu ya kwanza tu.

Mikono yangu ikashuka yenyewe. Nikapiga! Ngoma yenye tai na maua na rangi tatu, nikaipiga mpaka rangi zikaanza kubanduka vipande vipande. Kengele juu, ngoma chini, watu wakamiminika mlimani kama maji, na vibarua wa Marki nao wakaingia kwenye mashamba ya Marki, maana ya wote ni ya wote.

Lacaille akaja na farasi, mdomo unatoa moshi. Mtu wa kwanza aliyekutana naye ni mimi.

"Nani ameanza? Ni kengele au ni ngoma?"

Nilitazama mnara. Kengele ilikuwa imekaa kwa Philibert tangu Pasaka tu. Alingoja zaidi ya miaka ishirini.

"Ngoma, mheshimiwa," nikasema. "Nilianza mimi. Yule mzee kule juu masikio yake ni ya kuombea Mungu tu. Akasikia ngoma akadhani ameamriwa, akafuata."

"Unasema kweli?"

"Waulize."

Akawauliza. Na hapa ndipo ninapokipenda kijiji hiki kwa mara ya kwanza tangu Mfalme arudi. Mwokaji kasikia ngoma kwanza. Mhunzi kasikia ngoma kwanza, tena alikuwa amelala, ngoma ilimwamsha. Mchinjaji kaapa kwa Bikira Maria kwamba ngoma ililia, kimya kikapita cha kutosha kusali Baba Yetu, ndipo kengele. Wote waliomficha padre wamesikia ngoma kwanza. Mama Claudine akasema, "Baba Bénigne alisema atapiga, na amepiga," akanikazia macho, nikatamani ardhi inimeze.

Kisha Philibert akashuka mnarani. Taratibu, anakohoa kila kipandio.

"Wewe mzee," Lacaille akamwambia, "nani kakuamuru upige ya wote?"

"Babu yake bwana wako."

"Babu yake alikufa miaka arobaini iliyopita."

"Amri yake haijafa. Ndiyo utaratibu mnaoutaka urudi. Mimi nimeurudisha wote."

Lacaille akatugeukia, akagonga kichwa kwa kidole. "Kachanganyikiwa huyu." Na watu, ili kumwokoa, wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi, ili imwokoe zaidi.

Philibert alinitazama. Ni mara ya kwanza ananitazama usoni tangu Pasaka. Ningependa zaidi asingenitazama.

22 Oktoba

Theluji. Imefunika mlima wote mpaka kwenye ncha za miti. Zabibu ziko ndani, za wote, za Marki pia. Hakupoteza hata kishada. Alichopoteza ni kutangulia, na hicho hakiingii kwenye pipa.

25 Oktoba

Meya kaja mwenyewe kuchukua ngoma. Hakuketi.

"Lazima mtu alipie, mzee. Bila hivyo watamleta mkuu wa mkoa, na hapo atalipia kila mtu." Akaibeba chini ya kwapa vibaya, kama mtu anayebeba bata. Mlangoni akasimama. "Mimi nilikuwa dirishani Jumatatu. Nilisikia nini kilitangulia."

"Ulisikia nini, Bwana Meya?"

"Sikusikia kitu," akasema. "Nataka watu walale."

Jana nilikwenda kwa Wakili Joly kuomba anitetee. Mjakazi kasema ana mafua. Nilimwona kupitia mlangoni, anaandikia gazeti la Dijon. Mjakazi kaninong'oneza kwamba ameandika mimi ni shujaa wa Katiba.

26 Oktoba

Sina ngoma. Msumari ilipokuwa inaning'inia unaonekana mkubwa.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Nimepeleka maua kwa Jeanne. Nimemhadithia habari ya viazi. Kilabuni wananinunulia divai, wananiomba niwasimulie Jumatatu ile, jinsi nilivyopiga. Mwokaji tayari anasimulia kwamba alinishikia ngoma. Nikianza, naishia pale vijiti vinapoinuliwa. Nimerudi mapema.

Watu hawajawahi kunipenda hivi, na sijawahi kukaa peke yangu hivi.

4 Novemba

Kengele ya jioni imelia. Anaipiga vizuri. Sijui kama nimewahi kuandika hilo.

9 Novemba

Divai imetulia kwenye mapipa. Nimeinusa ya Mama Claudine. Mungu atusamehe.

11 Novemba, Jumatatu. Mtakatifu Martin

Niliweka vikombe viwili. Nilijiambia cha pili ni cha kuku.

Baada ya misa nilikaa. Moto ukapungua, nikaongeza kuni. Ukapungua tena. Nikaanza kujimiminia, ndipo mlango ukafunguliwa bila kugongwa, kama zamani.

Philibert akasimama hapo, kofia kichwani, theluji mabegani.

"Umeniibia kengele mara ya pili, Bénigne Cottin," akasema. "Mara ya kwanza walikutuma. Safari hii hukutumwa na mtu."

"Wangekunyang'anya kamba."

"Kamba ni yangu, na kunyang'anywa ilikuwa haki yangu. Maisha yangu yote nimefanya jambo moja mbele za watu, moja, na watu wakacheka, na wewe ukiwa mbele."

Nilikuwa na majibu. Nina majibu siku zote. Nilitazama msumari ule ukutani. "Mikono ilikufa," nikasema. "Nilikuwa nimesimama pale mikono imekufa. Usingepiga wewe, ningekuwa nimesimama hadi sasa."

"Nilikuona," akasema. "Kutoka juu unaonekana vizuri."

Hakuvua kofia. Lakini alivuta kiti chake, kile chenye mguu mfupi, akakaa. Nikamimina. Yeye wa kwanza, mimi wa pili, ndiyo kanuni. Akanywa. Sijawahi kuona uso wa binadamu ukipigana hivyo na usikunjwe. Nikanywa na mimi. Jamani! Ni siki iliyochapwa viboko. Ya Marki ni hivyohivyo, ya Joly hivyohivyo, nimeambiwa. Miaka ishirini na tano ya Mapinduzi haikuweza kutufanya sote sawa, lakini pipa la mwaka huu limeweza.

Philibert aliweka kikombe chini, akakitazama.

"Sufuria ya nani," akasema, "imeanguka humu?"

Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kucheka. Yeye hakucheka, hajui, hajawahi. Alikohoa tu. Lakini alikohoa upande huu wa ukuta.